Mbano wa Injini ya Mashindano

Vijana wengi wa pikipiki husadiki kwamba injini ikibanwa zaidi itakwenda mbio zaidi, na wengine humwomba fundi awakwangulie silinda hedi. Neno hilo lina ukweli, lakini ukweli huo una mpaka, na mpaka wenyewe wapimika.

Pistoni ikiwa chini kabisa, silinda hujaa hewa na petroli. Ikipanda, huvisukuma vyote katika nafasi ndogo iliyobaki juu. Nafasi ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili twapata kiasi cha mbano, ambacho mafundi hukiita kompresheni. Tuchukue pikipiki ya sentimita za ujazo 125 yenye mbano wa 9 kwa 1. Nafasi ya juu ni 125 kugawanya kwa 8, yaani 15.6. Tukitaka 11 kwa 1, sharti ipungue hadi 12.5. Tofauti ni kama 3 tu, haijazi hata kijiko cha chai! Ikiwa kipenyo cha silinda ni milimita 56.5, chuma cha kuondoa ni unene wa milimita 1.2 hivi. Fundi akwanguaye kwa kukisia ataipita kwa urahisi. Afadhali aizibe nafasi hiyo kwa mafuta yaliyopimwa kwa bomba la sindano, valvu zikiwa zimefungwa, ajue ujazo wake kwanza.

Na faida yake? Kwa hesabu ya injini aliyoiunda Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, kutoka 9 hadi 11 nguvu huongezeka kama sehemu 5 katika 100. Kutoka 11 hadi 13 huongezeka kama 4 tu. Kila hatua hulipa kidogo kuliko iliyotangulia.

Hatari, kinyume chake, huzidi. Hewa ikibanwa hupata moto. Injini ya dizeli inayozungusha karasha la mawe ya dhahabu haina plagi; mbano wake wa 16 au zaidi ndio huwasha mafuta. Petroli ikijiwasha hivyo kabla ya kufikiwa na moto wa plagi, husikika mgongo kama wa nyundo ndogo, na mwisho pistoni hutoboka. Kwa kijana anayelipia pikipiki kwa hesabu ya kila siku, huo ni mkate wa nyumbani kwake. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga upesi zaidi. Ndiyo moja ya sababu EWURA ilianza kutia mafuta alama maalumu mwaka 2010.

Washindani wa mita 402 huko Marekani wanaotumia methanoli huthubutu 13 au 14, kwa kuwa methanoli hupoza na haigongi upesi. Lakini magari yenye kasi kuliko yote katika mbio za namna hiyo hutumia 7 hivi tu! Pampu kubwa husukuma hewa ndani kwa nguvu, basi pistoni haina haja ya kubana sana.

Kwa petroli ya chupa za barabarani mimi nisingevuka 9. Wapo watakaosema kwamba wamevuka na hapakuwa na mgongo. Katika kimo cha Ziwa Victoria, mita 1,134 hivi, kanieneo ya hewa ni kama 87 katika 100 ya ile ya pwani, nasi tu katika nyanda hizo hizo. Silinda hujaa hewa kidogo. Pikipiki iliyonyamaza hapa Runzewe yaweza kuanza kugonga ikifika Dar es Salaam.