Je, Wajua? Miguu Mitatu Haiyumbi

Je, wajua kwamba stendi ya kuegemezea mbao yenye miguu mitatu hutulia hata kwenye uwanja wenye mabonde? Mguu wa nne ndio huleta ugomvi. Kwa seremala wa Kisesa anayefanyia kazi uani, juu ya udongo usio na saruji, hilo ni muhimu kuliko rangi ya stendi.

Ubao wa paini wa futi 12 ni karibu mita 3.7. Ukiupitisha kwenye msumeno wa meza, zikishavuka ukingo futi 6 na ushei, ncha ya mbele huanza kuzama, mkia unanyanyuka, msumeno unabanwa. Na vidole vya fundi viko papo hapo! Stendi ya kupokea ubao huzuia balaa hilo. Iweke chini kidogo ya uso wa meza, kama milimita 2, ili ncha isiigonge. Yenye rola ina hila: ikikaa upogo huvuta ubao pembeni. Yenye gololi haina tabia hiyo.

Si lazima ununue ya dukani. Mchomeleaji hukata paipu mbili za mraba, moja iingie ndani ya nyingine, hutoboa ya nje, huchomelea nati, na boliti yenye mkono hukaza kimo unachotaka. Kabla hujalipa, ikaze, kisha ikandamize kwa uzito wako wote. Ikiteleza, mrudishie.