Je, Wajua? Toledo kwa Siku Moja

Mji wa Toledo, Hispania, uko kilomita 70 hivi kusini mwa Madrid. Kwa treni ya mwendo kasi ni kama nusu saa tu, ndiyo maana vikundi vya wageni huenda asubuhi na kurudi jioni. Lakini je, wajua kwamba...

• ...Mto Tajo umeuzunguka mji mkongwe pande tatu, na tangu 1986 mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO?

• ...hapa yamesalia masinagogi mawili ya Zama za Kati, na yote mawili yana majina ya Kikristo? Ni Santa María la Blanca na El Tránsito. Yaligeuzwa makanisa, na majina ya kikanisa ndiyo yaliyodumu.

• ...ukiingia Santa María la Blanca unaweza kudhani umeingia msikitini? Nguzo nyeupe na matao yenye umbo la kiatu cha farasi ni ufundi wa Kiislamu, uliotumika kuwajengea Wayahudi mahali pa ibada, katika mji uliokuwa mikononi mwa wafalme Wakristo tangu 1085.

• ...El Tránsito lilijengwa na mweka hazina wa mfalme? Samuel ha-Leví alimtumikia Pedro I wa Castile, na jengo lilikamilika karibu 1357. Kwa nje ni matofali tu, hayana makuu. Ndani kuna ukumbi wenye urefu wa mita 23 hivi, na dari ya mbao zilizonakshiwa iko mita 12 juu ya vichwa vya wageni.

• ...kwenye kuta zake Zaburi za Kiebrania zimechongwa karibu na maandishi ya Kiarabu, na nembo za Castile na León zimewekwa papo hapo? Wanawake walisali roshanini, juu ya ukumbi.

• ...maandishi ya ukutani yanamsifu Samuel na mfalme wake kwa pamoja? Sifa hizo hazikumwokoa. Mwaka 1360 mfalme huyohuyo aliamuru akamatwe, naye akafia kifungoni Seville.

• ...tarehe 31 Machi 1492, Malkia Isabel na Mfalme Fernando walitia saini amri iliyowapa Wayahudi chaguo moja kati ya mawili: wabatizwe au waondoke? Walipewa miezi minne. Miaka miwili baadaye El Tránsito lilikabidhiwa Shirika la Calatrava, shirika la kidini la mashujaa wa Kikristo. Wakati wa vita vya Napoleon likawa kambi ya askari. Leo ni Makumbusho ya Wasefardi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania.

• ...kutoka hapo hadi Makumbusho ya El Greco ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu? Yalifunguliwa 1911 katika mtaa wa zamani wa Wayahudi. Mchoraji El Greco hakuishi katika nyumba hiyo ya makumbusho. Yeye alikaa jirani. Chini ya makumbusho kuna mahandaki ambayo kwa mapokeo huhusishwa na jumba la Samuel ha-Leví.

• ...mchoraji aliyeipa Toledo sifa duniani hakuwa Mhispania? El Greco, jina lake halisi Doménikos Theotokópoulos, alizaliwa Crete mwaka 1541, akapitia Venice na Roma, akafika Toledo 1577 na kuishi huko hadi alipofariki 1614. Hata uzeeni alitia saini kwa herufi za Kigiriki.

• ...mchoro wake mashuhuri, Mazishi ya Bwana wa Orgaz, haumo katika Makumbusho ya El Greco? Uko kanisani Santo Tomé, palepale ulipoagizwa uwekwe. Mtazame mvulana aliye mbele: ni mwanawe, Jorge Manuel. Leso inayochungulia mfukoni mwake ina mwaka 1578, mwaka aliozaliwa.

• ...mwaka 2015, miaka 523 baada ya amri ya kufukuzwa, Hispania ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wazao wa Wasefardi kuomba uraia? Hadi dirisha la maombi lilipofungwa 2019, walioomba walizidi 100,000.

• ...kikundi kikipanga safari siku ya Jumatatu kitaukuta mlango wa El Tránsito umefungwa, na wa Makumbusho ya El Greco vilevile? Chagueni siku nyingine.