Kipindi cha Tatu

Mwalimu wa taaluma ana masomo 40 ya kupangia mitihani. Sharti ni moja: masomo mawili yenye mwanafunzi hata mmoja anayeyasoma yote yasifanyiwe mtihani kwa wakati mmoja. Akiwa na vipindi viwili, asubuhi na alasiri, kazi ni nyepesi. Anaweka Fizikia asubuhi. Kila somo linalogongana na Fizikia linakwenda alasiri, na kila linalogongana na hayo linarudi asubuhi. Hana pa kuchagua, kwa hiyo hana pa kupotelea. Ama yote yataenea, ama mawili yatagongana, naye atajua kwamba ratiba haiwezekani.

Sasa mwongezee kipindi cha tatu, cha jioni. Ungedhani umempunguzia mzigo. Kumbe kila somo linalogongana na Fizikia sasa lina njia mbili, na kila njia inazaa nyingine. Masomo 20 yanaweza kupangwa kwa namna karibu bilioni 3.5, na kompyuta inayojaribu namna bilioni moja kwa sekunde itazimaliza ndani ya sekunde nne. Kwa masomo 40, kompyuta hiyohiyo itahitaji zaidi ya miaka 380. Zipo mbinu zenye akili kuliko kujaribu moja moja, lakini kwa zote zinazojulikana, ratiba ikiwa ya ukaidi, kila somo jipya huuzidisha mzigo badala ya kuujumlisha.

Hata hivyo, mtu akikuletea ratiba iliyokamilika, utaikagua upesi: unapitia jozi za masomo yanayogongana, basi. Maswali ya aina hii, ambayo jibu la “ndiyo” hukaguliwa haraka, huitwa NP. Yale ambayo jibu lenyewe hupatikana haraka huitwa P, nayo yote yamo ndani ya NP, kwa kuwa anayeweza kutafuta haraka anaweza pia kukagua haraka.

Mwaka 1971 Stephen Cook, wa Chuo Kikuu cha Toronto, alionyesha kwamba kila swali la NP linaweza kugeuzwa kuwa swali moja la mantiki. Leonid Levin alifikia jambo hilo peke yake huko Urusi ya Kisovyeti, akalichapisha 1973. Katikati, mwaka 1972, Richard Karp wa Marekani alitaja maswali 21 yenye nguvu hiyo, na kupaka rangi grafu (nukta ni masomo, mistari ni migongano, rangi ni vipindi), ambako ndiko kupanga ratiba yetu, kumo. Haya ni NP-kamili. Atakayepata njia ya haraka kwa mojawapo ameyapata yote. Kwangu mimi hakuna ugunduzi wa kustaajabisha zaidi katika taaluma hii: mwalimu na mwanamantiki wanahangaika na swali lilelile.

Badili swali kidogo: vipindi vichache kabisa vinavyotosha ni vingapi? Mwalimu akisema saba, ratiba yake inathibitisha kwamba saba vinatosha. Lakini kwamba sita havitoshi, ataonyesha nini? Swali kama hili, lenye ugumu usiopungua wa swali lolote la NP, huitwa NP-ngumu, hata kama jibu lake halina njia ya haraka ya kukaguliwa.

Ipo njia ya mkato: Welsh na Powell, katika makala yao ya 1967 kuhusu ratiba, walianza na somo lenye migongano mingi kuliko yote, wakalipa kipindi cha kwanza, wakashuka hadi lenye michache. Ratiba hupatikana mara moja. Kwamba ndiyo fupi kuliko zote, hawakuahidi.