Uganda: Fedha za Shule Zilizopotelea Njiani



Mara nyingi tunasikia redioni kwamba serikali kuu imetoa ruzuku kwa shule au zahanati, na kwamba wataalamu wameletwa kuwafundisha makarani wa wilaya namna ya kuzisimamia fedha hizo. Sisi wa mashambani na viwandani huyaona mambo hayo kuwa ya maofisini. Yaliyowapata majirani zetu wa Uganda yanaonyesha kwamba yanatuhusu sana.

Kati ya mwaka 1991 na 1995 serikali ya Uganda ilitenga ruzuku kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali. Hiyo haikuwa mishahara ya walimu, bali fedha za vitabu na mahitaji mengine ya shule. Zilitoka Kampala zikapitia ofisi za wilaya, na wilaya ndizo zilizotakiwa kuzifikisha shuleni. Kwa hesabu za Kampala, fedha zimekwisha kutolewa. Lakini huko shuleni vifaa vilikuwa haba, na wazazi waliendelea kuchangishwa.

Mwaka 1996 serikali hiyo, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, iliwatuma watafiti. Hawakuridhika kuuliza Kampala imetoa kiasi gani. Walikwenda mpaka kwenye shule 250 katika wilaya 18, wakatazama daftari za shule zenyewe. Wakakuta kwamba katika kila shilingi 100 za ruzuku, kwa wastani shule zilipata shilingi 13 tu. Shule nyingi hazikupata hata senti moja. Na waliopunjwa zaidi ni shule za watu maskini.

Zilikwenda wapi? Tusikimbilie kusema kwamba zote ziliingia mifukoni mwa watu. Watafiti walieleza kwamba nyingine zilielekea kutumika kwa shughuli za wilaya na za siasa. Lakini kwa mtoto asiye na kitabu, hiyo si nafuu. Jambo kubwa ni kwamba wazazi wengi hawakujua hata kama ruzuku hiyo ipo. Asiyejua haki yake ataidai vipi?

Ndipo serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya, mwezi kwa mwezi. Shule nazo zikatakiwa kubandika ubaoni kiasi zilichopokea, kila mzazi asome. Kufika mwaka 2001 shule zilikuwa zikipata karibu shilingi 80 katika kila 100. Watafiti waliona pia kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali panapouzwa magazeti zilifaidika zaidi kuliko zile za mbali.

Haikuwa kazi ya gazeti peke yake. Mwaka 1997 Uganda ilianza elimu ya msingi bila karo, na usimamizi wa hesabu ukakazwa. Wako wataalamu wanaosema hayo ndiyo yaliyosaidia zaidi. Sisi hatugombani nao. Karani lazima afundishwe kazi, na hesabu lazima zikaguliwe. Lakini karani hodari anayewajibika kwa wakubwa wake tu anaweza kuandika vitabu safi huku shule ikikaa bila chaki.

Sisi wenyewe tumeyaona. Katika shamba moja tulikokuwa tukiandikisha wanachama, ada ya chama ilikatwa kila mwisho wa mwezi, lakini tawi letu lilipokea pungufu. Tuliandika barua, hazikujibiwa. Halafu tukawaomba wenzetu walete karatasi zao za mshahara, tukajumlisha makato yote, tukabandika jumla hiyo ukutani pamoja na kiasi tulichopokea. Wiki ile ile ofisi ilituita tuzungumze.

Basi, wewe uliye mjumbe wa kamati ya shule ya kambini, au mwakilishi wa wenzako kiwandani, usiogope mambo ya hesabu. Kwenye mkutano ujao uliza: Kiasi gani kimetumwa kwetu? Kimetumwa lini? Kimepokewa na nani, na sahihi yake iko wapi? Ukijibiwa, andika majibu hayo kwa herufi kubwa uyabandike mahali ambapo kila mtu hupita. Usipojibiwa, bandika maswali.