Tovuti Mpya Inahitaji Mashahidi wa Kweli



Siku hizi simu za mkononi zimeenea vijijini. Vikundi vyetu navyo vimeanza kuwa na tovuti. Tovuti ni kurasa za habari zinazosomwa kwa simu au kompyuta kwa njia ya intaneti. Kila tovuti ina anwani yake, kama sanduku la posta lilivyo na namba yake. Mtu wa Mwanza au wa Muscat akiijua anwani hiyo, anaifungua na kusoma habari zenu.

Je, asipoijua anwani? Hapo ndipo penye kazi. Leo tuzungumze juu ya kazi hiyo, kwa sababu kuna fedha za wanakijiji zinazopotea bure.

YALIYOTUPATA

Mwaka 2023 kikundi kimoja cha wafuga nyuki ninachokifundisha kilifungua tovuti. Wanachama ni 24, na wengi wao ni kina mama waliohitimu kisomo. Waliandika habari za asali yao, wakaweka picha na namba ya simu. Kisha wakangoja wanunuzi. Mwezi wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Simu haikulia. Mtu akitafuta asali katika intaneti, tovuti yao haikuonekana kabisa.

Akaja kijana mmoja kutoka mjini. Alivaa vizuri, na maneno yake yalikuwa matamu. Akasema, "Tovuti yenu haina nguvu kwa sababu haina viungo. Nipeni shilingi 300,000. Nitawaletea viungo 5,000 kwa wiki moja. Mtakuwa wa kwanza Tanzania nzima."

Mama Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, unasemaje?"

Kwa kweli sikujua. Lakini niliona haya kusema sijui. Nikajibu, "Nadhani ni sawa tu, Mama." Basi kikundi kikatoa nusu, shilingi 150,000. Zilikuwa fedha za kununulia mizinga.

Viungo vilikuja. Tulipovifungua, tukakuta vimewekwa katika kurasa za kamari, za dawa za kupunguza unene, na za lugha tusizozijua. Hatukuona hata ukurasa mmoja uliotaja nyuki. Tovuti ikabaki palepale. Kijana aliporudi kudai nusu ya pili, kikundi kikakataa. Ile nusu ya kwanza haijarudi mpaka leo.

Nilirudi nyumbani na aibu yangu, nikaanza kujifunza. Haya ndiyo niliyojifunza.

KIUNGO NI NINI?

Hapa hatusemi viungo vya pilau wala viungo vya mwili. Kiungo cha intaneti ni maneno katika ukurasa mmoja ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Mpango huu wa kurasa zilizounganishwa ulibuniwa mwaka 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee. Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva, Uswisi.

Tuchukue mfano. Nyumba ya wageni ina tovuti yake. Humo imeandika: "Asali tunayowapa wageni asubuhi tunainunua kwa wafuga nyuki hawa." Msomaji akibonyeza maneno "wafuga nyuki hawa," inafunguka tovuti ya kikundi. Hicho ndicho kiungo. Kimetoka kwa mwingine, kinaelekea kwenu. Viungo vya namna hiyo ndivyo vinavyotafutwa na kila mwenye tovuti mpya.

KWA NINI VINATAFUTWA?

Kurasa za intaneti hazina idadi. Hakuna anayeweza kuzisoma zote. Kwa hiyo kuna mitambo ya kutafuta. Mtambo unaojulikana zaidi ni Google. Ukiuandikia neno "asali," unakupa orodha ya kurasa zinazohusu asali. Wengi husoma zile za juu tu. Walio chini hawaonekani.

Mtambo huo huzijua kurasa kwa kufuata viungo, kama mgeni anavyofuata njia za miguu kutoka nyumba hadi nyumba. Nyumba isiyo na njia ni vigumu kufikiwa. Kwa hiyo faida ya kwanza ya kiungo ni kuwa njia.

Faida ya pili ni kuwa ushahidi. Mwaka 1996 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuwa wakitafiti jambo hili. Majina yao ni Larry Page na Sergey Brin. Waliona kwamba wataalamu wanapoandika, hutaja kazi za wenzao. Kazi inayotajwa na wengi huheshimiwa. Wakafikiri: kwa nini tusivihesabu viungo kwa namna hiyo? Njia yao ya kuhesabu waliiita PageRank. Mwaka 1998 wakaanzisha kampuni ya Google.

FIKIRI BARUA YA UTAMBULISHO

Ukitaka kufungua akaunti ya kikundi benki, unaambiwa ulete barua ya utambulisho. Ukipeleka barua ya Mtendaji wa Kijiji, unasikilizwa. Ukipeleka barua iliyoandikwa na mpita njia, utarudishwa. Hata ukipeleka barua 100 za wapita njia, utarudishwa vilevile.

Kwa nini barua ya Mtendaji ina uzito? Kwa sababu Mtendaji naye anatambuliwa na walio juu yake. Viungo navyo ni hivyo hivyo. Kiungo kina uzito kama kinatoka kwenye tovuti ambayo yenyewe inatambuliwa na wengine. Tena kina maana zaidi kikitoka kwa mtu anayehusika na jambo lenyewe. Chuo cha ufugaji nyuki kikiwataja, ni ushahidi. Ukurasa wa kamari ukiwataja, ni ushahidi wa nini?

Tazama pia maneno ya kiungo. Mahakamani, mashahidi 50 wakisema maneno yaleyale, neno kwa neno, hakimu atajua kuwa wamefundishwa. Mtambo nao hushtuka viungo vingi vikija ghafla na maneno ya namna moja.

Tusisahau jambo moja. Viungo si kila kitu. Mtambo hutazama pia kama ukurasa unajibu swali la mtafutaji, na kama unafunguka vizuri katika simu. Barua nzuri haimsaidii mtu asiye na kazi ya kuonyesha.

KUNUNUA MASHAHIDI NI HASARA

Google inakataza kununua viungo kwa nia ya kupanda juu katika orodha yake. Wakubwa pia wameumbuka. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza habari za J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka huko Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa ya kwanza katika orodha kwa bidhaa nyingi. Ikagundulika kwamba viungo vingi vilivyoielekea vilikuwa vya kulipiwa, tena katika kurasa zisizohusika. Google ikaishusha. Kwa samani za sebuleni ilianguka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 68. Kampuni ikasema haikuidhinisha viungo hivyo, ikamfukuza mshauri wake.

Aprili 2012 Google ilianza kutumia mpango ulioitwa Penguin, wa kuwabana wenye viungo vya hila. Tangu mwaka 2016 mpango huo huvipuuza viungo vya namna hiyo, yaani havihesabiwi. Basi ndugu zangu, hata usipoadhibiwa, umenunua hewa. Ndivyo ilivyokuwa kwa shilingi 150,000 zetu.

Je, kulipia tangazo ni kosa? Hapana. Tangazo ni biashara ya halali. Ila kiungo kilicholipiwa huwekewe alama ndani ya ukurasa, ili mtambo usikihesabu kuwa ushahidi. Google yenyewe huuza nafasi za matangazo, na huziandika kuwa ni matangazo. Lakini nafasi katika orodha ya kawaida haiuzwi.

DALILI ZA LAGHAI

Mkimwona mtu mwenye dalili hizi, shikeni mifuko yenu:

1. Anaahidi kuwa mtakuwa wa kwanza. Hakuna mtu mwenye uwezo wa kuahidi hivyo.
2. Anaahidi maelfu ya viungo kwa siku chache.
3. Hasemi viungo vitatoka wapi.
4. Anawaonyesha namba ya "nguvu ya tovuti," kati ya 1 na 100, kama kwamba imetolewa na Google. Namba hiyo hutolewa na kampuni nyingine, kama Moz. Ni makisio yao. Google haiitumii.
5. Anataka fedha leo leo, kabla hamjakaa kikao.

TULIFANYA NINI BAADAYE?

Nilirudi kikundini nikaomba radhi. Mama Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, tumelipa ada. Sasa tufundishe." Tukafanya haya.

Kwanza, tuliiarifu Google kwamba tovuti yetu ipo. Google ina huduma iitwayo Search Console. Ni ya bure. Unaonyesha kwamba tovuti ni yako, kisha unaipa orodha ya kurasa zako. Huduma hiyo pia inakuonyesha ni nani wamewawekea viungo, na watu wanatafuta maneno gani wanapowakuta.

Pili, tuliandika jina moja, kijiji kimoja na namba moja ya simu kila mahali. Zamani katibu aliandika hivi, mhazini akaandika vile. Mtu hukuamini ukiwa na jina moja.

Tatu, tuliandika orodha ya watu wanaotufahamu tayari. Nyumba ya wageni inayonunua asali yetu. Chuo kilichotufundisha kutengeneza mizinga. Ofisi ya wilaya anakofanya kazi Bwana Nyuki. Wote hao wana tovuti. Tukawaendea mmoja mmoja tukawaomba: "Kama mnaona asali yetu ni nzuri, mtutaje na mtuwekee kiungo." Hatukutoa fedha. Mmoja alikataa, mwingine alichelewa miezi mitatu. Si neno.

Nne, na hili ndilo kubwa, tulitafuta jambo tunalolijua sisi kuliko wengine. Wazee wa kikundi wanajua kila mti unachanua mwezi gani, na asali yake ina rangi gani. Tukaketi jioni tatu. Wazee wakasema, kina mama wakaandika. Ikapatikana kalenda ya maua ya msitu wetu. Tukaiweka katika tovuti. Mwalimu mmoja wa sekondari akaiona, akaiwekea kiungo kwa ajili ya wanafunzi wake. Kikundi cha wafuga nyuki wa wilaya nyingine kikafanya hivyo pia. Hao hatukuwaomba. Walituwekea viungo kwa sababu kalenda iliwafaa.

Mpaka mavuno yaliyofuata tulikuwa na viungo 9. Si 5,000. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Siku moja simu ikalia. Alikuwa mwenye duka wa Dodoma. Akasema, "Nimesoma kalenda yenu. Hiyo asali nyeupe mnayo?" Akachukua ndoo 6.

Hatukutajirika. Fedha za mizinga hazijarudi zote. Lakini kikundi sasa kina kanuni iliyoandikwa katika daftari la mikutano: hatutoi fedha kwa kitu tusichoweza kukieleza sisi wenyewe. Mimi nami nina kanuni yangu. Nikiulizwa jambo nisilolijua, nasema, "Sijui, ngojeni nikaulize."

Wahenga walisema, chema chajiuza. Ni kweli, lakini huko kwenye intaneti chema hujiuza kikiwa na watu wa kukisema. Kazi yetu ni kutengeneza kitu cha kusemwa, na kuishi vizuri na wa kukisema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kiungo kinafananaje na barua ya utambulisho?
2. Kwa nini viungo 9 vilifaa kuliko viungo 5,000?
3. Taja watu watano wanaoifahamu kazi ya kikundi chenu. Ni wepi kati yao wana tovuti?
4. Kikundi chenu kinajua jambo gani ambalo wengine wangependa kulisoma? Nani atalisema, na nani ataliandika?