Adabu za mtandaoni: Hodi ya kwanza ya msomi anayetafuta kazi

KIJANA wa Basotu, wilayani Hanang mkoani Manyara, anayehitimu stashahada ya kilimo anayo faida ambayo wenzake wengi wa mijini hawana. Amekulia katika nyanda za ngano, ambako kuanzia miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Canada, liliendesha mashamba makubwa yaliyofikia takriban ekari 100,000.

Hata hivyo, faida hiyo haimfikishi mbali iwapo hana anayemfahamu nje ya kata yake. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian kipo Arusha, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo Morogoro, na makao makuu ya wizara yapo Dodoma. Kwenda kote huko kubisha hodi ni nauli ambayo familia nyingi za wakulima na wafugaji hazina.

Ndiyo maana simu yenye intaneti imekuwa mlango wake. Mtandao wa LinkedIn, uliozinduliwa Mei 2003 na kununuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2016, barua pepe, pamoja na makundi ya WhatsApp ya wanataaluma, vinamwezesha kuzungumza na mtaalamu ambaye asingeweza kumwona kwa urahisi. Lakini mlango huo, kama mlango wowote, una adabu zake.

Kubisha hodi

Kosa la kwanza ni kuomba kazi kabla ya kujitambulisha. Ujumbe usemao "Mambo boss, nisaidie kazi yoyote" haumwelezi mpokeaji ni nani anayemwandikia, amesoma nini, wala kwa nini amechaguliwa yeye. Aidha, unamtwisha mzigo asioweza kuubeba, kwa kuwa wataalamu wengi hawana mamlaka ya kuajiri.

Ujumbe mzuri hauhitaji maneno mengi. Kwa mfano: "Ndugu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya kilimo, mwenyeji wa Basotu. Nimesoma maelezo yako kuhusu magonjwa ya ngano. Naomba kujua ni stadi gani nijifunze kabla ya mafunzo kwa vitendo. Nitashukuru utakapopata nafasi." Hapo mpokeaji anaulizwa jambo analolijua na anaweza kulijibu kwa dakika chache.

Kwa barua pepe, kanuni ni zile zile za barua rasmi. Sehemu ya mada ijazwe, kama vile barua ya kiofisi inavyokuwa na "YAH:" juu yake. Anwani iwe na majina halisi, si majina ya utani ya shuleni. Viambatanisho viwe vichache na vyepesi, kwani hata mpokeaji hulipia kifurushi chake.

Subira nayo ni sehemu ya adabu. Asiyejibiwa anaweza kukumbusha mara moja, baada ya wiki moja au mbili, kisha akaacha. Kupiga simu usiku, au kumwingiza mtu katika kundi la WhatsApp bila ridhaa yake, ni sawa na kuingia nyumba ya watu bila kuitikiwa. Na aliyesaidiwa arudi kushukuru, hata kama kazi hakuipata.

Ukweli wa wasifu

Jambo la pili, na zito zaidi, ni ukweli. Kishawishi cha kuongeza shahada isiyokuwepo ni kikubwa mahali ambapo hakuna anayekagua papo hapo. Lakini ukaguzi huja. Mwaka 2017 uhakiki wa Serikali ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini, baadhi wakiwa wametumikia kwa miaka mingi.

Vilevile, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kujifanya mtu mwingine mtandaoni kuwa kosa la jinai. Mwanafunzi asiye na uzoefu aandike anachokijua kweli: msimu aliosaidia kupanda, jaribio alilofanya chuoni, lugha anazozungumza. Anayejua Kidatoga au Kiiraqw pamoja na Kiswahili anayo stadi ambayo bwana shamba mgeni Hanang anaihitaji.

Tahadhari na matapeli

Mlango uliofunguliwa huingiza hata asiyealikwa. Matapeli huwatafuta wahitimu, huwaahidi ajira, kisha hudai "ada ya fomu". Maombi ya kazi Serikalini hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nao hauuzi nafasi. Ujumbe wa kitapeli unaweza kupelekwa kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Nakala za vyeti na namba ya kitambulisho cha Taifa zisitumwe kwa mtu asiyethibitishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki juu ya taarifa zake, lakini haiwezi kurudisha nakala iliyokwisha kusambaa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kijana wa Basotu anayeuliza kwa staha, akasema ukweli na kukumbuka kushukuru, huenda asipate kazi kwa ujumbe wa kwanza, lakini atakuwa amepata mtu wa kumwandikia tena.