Sauti ya Mtoto na Chombo cha Kuinasa

Imekuwa ada sasa, hapa Mwanza na katika miji mingine iliyo kandokando ya Ziwa Victoria, kwamba ukikaribia mwezi wa Rabiul-Awwal kila chuo hutaka kasida za watoto wake zinaswe ili zisikilizwe majumbani. Wazazi huchanga, watoto huvishwa kanzu safi (ingawa kanzu haisikiki), na walimu huwaongoza hadi studio. Hilo si baya, wala hatuandiki haya kulikataza. Twaandika kwa kuwa twaona fedha za watu wasio na kitu zikiondoka, na mara nyingi kinachorudi ni sauti ambayo hata mama wa mtoto haitambui.

Kunasa sauti si jambo geni kwetu. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 pamoja na wenziwe, akaimba mbele ya vyombo vya His Master's Voice, na sahani zake zikaenea pwani yote ya Afrika Mashariki. Miaka 3 tu kabla ya hapo, yaani 1925, kampuni za sahani zilikuwa zimeanza kuliacha lile baragumu ambalo mwimbaji alilazimika kulipigia ukelele, zikashika maikrofoni ya umeme. Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika 3 hivi, na hapakuwa na njia ya kusahihisha: aliyekosea alianza upya. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na vyombo vyake kunasa nyimbo za wenyeji, naye alikuwa na desturi ya kuiweka mashine yake ya umeme mbali na waimbaji, akauvuta waya mrefu hadi walipo, ili mngurumo usiingie katika sahani. Na huko Misri, mwaka 1961, ilitolewa katika sahani Qur'ani nzima kwa tartili, usomaji wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, kazi ya kwanza ya namna yake. Aisikilizaye leo, awe Cairo au Ukerewe, huisikia sin kuwa sin na sad kuwa sad.

Hapo ndipo penye shabaha yetu. Herufi kama sin, sad na tha hutengwa na mlio mwembamba wa juu sana, na chombo duni huukata mlio huo kwanza. Simu ya zamani ilichukua mawimbi yasiyozidi 3,400 kwa sekunde, na uvumi wa sin uko juu zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtu akitaja jina lake katika simu hulazimika kulirudia. Mwalimu aliyehangaika mwaka mzima kuunyoosha ulimi wa mtoto ana haki ya kuuliza kazi yake itapita katika chombo gani.

Lakini kabla ya chombo, na kitazamwe chumba. Wengi huuliza bei ya maikrofoni wala hawaangalii kuta, nasi twaona hilo ni kuanzia paa badala ya msingi. Sauti hukata mita 340 hivi kwa sekunde. Katika chumba cha matofali ya saruji, ukuta ukiwa mita 3 kutoka kwa msomaji, sauti huufikia na kurudi kabla hazijapita sehemu 2 katika 100 za sekunde. Sikio haliusikii mrejeo huo kama mwangwi, bali husikia uzito na ukungu, kana kwamba mtoto anasomea ndani ya pipa. Dawa yake si ghali: magodoro yaliyosimamishwa ukutani, mablanketi mazito, mazulia, hata nguo zilizotundikwa. Masanduku ya mayai ambayo vijana wetu hupenda kuyabandika ukutani hayafai kitu, maana ni mepesi mno. Na mji wetu una adha zake: bodaboda ziguzo zikipanda vilima, kunguru, na mvua juu ya bati, ambayo hakuna godoro liwezalo kuizuia. Aliye na akili hunasa usiku baada ya Isha, au hungoja mvua ipite.

Maikrofoni zenyewe ni za namna 2 hasa. Ya kwanza ni dainamiki, ambayo ndani yake mna utando ulioungana na waya uliosokotwa katikati ya sumaku. Sauti ikiutikisa utando, umeme huzaliwa. Ni ngumu, haihitaji umeme wa nje, nayo haisikii mno mambo ya mbali. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, ndiyo ijulikanayo zaidi katika majukwaa. Ya pili ni kondensa, yenye utando mwembamba sana karibu na bamba, nayo hutaka kulishwa umeme, kwa kawaida volti 48. Hii husikia kila kitu: herufi, pumzi, na jirani atwangaye. Watu husema kondensa ndiyo ya kitaalamu, nyingine ni ya wanyonge. Sisi hatukubali. Kondensa nzuri ndani ya chumba kibaya itakuletea ubaya wote wa chumba hicho kwa uaminifu kamili. Kama chumba hakikutengenezwa, dainamiki ni salama zaidi.

Mtoto na asimame shubiri moja kutoka maikrofoni, si zaidi sana wala si midomo juu yake. Umbali ukizidi mara 2, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo, na chumba hupata nafasi ya kusema. Akisogea mno, sauti hunenepa kwa chini isivyo asili yake, na ba ya qalqala hulipuka kama mlango uliobamizwa na upepo. Kwa mlipuko huo huwekwa kichujio cha pumzi mbele ya mdomo. Soksi ya nailoni ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya huitenda kazi hiyo vizuri. Madufu na yanaswe peke yake kwanza, kisha watoto wasikilize kwa spika za masikioni zinazoziba sawasawa huku wakisoma, la sivyo dufu litaingia katika kila sauti. Naye mnasaji asiipandishe sauti hadi mwisho wa kipimo. Katika kompyuta, kinachopita mpaka hukatwa kichwa, nacho hakirudi tena.

Limebaki lililo gumu kuliko yote. Mwaka 1997 Andy Hildebrand wa Marekani, ambaye kabla yake alitumia hesabu za mawimbi kutafutia mafuta chini ya ardhi, alitoa programu ya Auto-Tune. Kazi yake ni kuipima sauti ya mwimbaji na kuivuta hadi ngazi iliyo karibu, na kwa kawaida ngazi hizo ni zile 12 za kinanda. Lakini kasida nyingi tulizozipokea kutoka pwani na Uarabuni zapita katika maqamu kama Rast na Bayati, ambamo mna sauti zilizo katikati ya vitufe viwili. Mtoto aliyefunzwa vema huzipata. Programu humwona kakosea, humvuta juu au humshusha. Chuo kimoja tukijuacho kilipeleka watoto studio, kikarudishiwa kasida ambayo watoto wote wana sauti moja, ya bati, na mwangwi mkubwa kama wako pangoni. Mwenye studio alijitetea kwamba ndivyo watu wapendavyo. Wazazi walikwisha kulipa.

Kwa hiyo mwalimu aagane na mnasaji kabla ya fedha kutolewa: kwamba programu ya kuvuta sauti isitumiwe, au itumiwe kwa idhini yake, na kwamba chuo kipewe nakala ya sauti kavu, isiyotiwa mwangwi wala kitu kingine. Mwangwi ni kama chumvi katika dagaa, huongezwa wakati wowote ila hautolewi.

Na kwa vyuo vinavyokusudia kununua kondensa ya kwao: unyevu wa ziwa ni adui wa utando ule. Ikiisha kazi irudishwe katika kasha lake lifungwalo barabara, pamoja na vile vipakiti vidogo vinyonyavyo maji, vinavyokutwa ndani ya viatu vipya.